Jinsi ya Kuyaandaa Makumbusho Kabla ya Vita, na Wajibu wa Wafanyakazi Wake Vita Vikifika

Ukipita Kamukunji siku yoyote ya kazi utasikia mafundi wa jua kali wakigonga mabati, na mbele ya vibanda vyao utaona masanduku yamepangwa moja juu ya jingine, yale ambayo wazazi huwanunulia watoto wanaokwenda shule za bweni. Masanduku ya aina hiyo ndiyo yaliyookoa sehemu kubwa ya hati za kale za Timbuktu. Mwaka 2012, makundi yenye silaha yalipouteka mji huo wa Mali na kuanza kubomoa makaburi ya mawalii, Abdel Kader Haidara na wenzake, wakishirikiana na familia zilizomiliki hati hizo, walizipakia katika masanduku ya bati, wakazificha majumbani, kisha wakazisafirisha kidogo kidogo kwa magari na mashua hadi Bamako. Taasisi ya Ahmed Baba, maktaba ya hati za kale mjini humo, ilipochomwa moto Januari 2013, takriban hati 4,000 ziliteketea au kutoweka, lakini nyingi zaidi zilikuwa zimekwisha kuondoka. Waliozitoa walikuwa watu wa kawaida wenye vifaa vya sokoni, ila walijua mapema wana nini, kiko wapi, na nani atakibeba.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya wafanyakazi wa makumbusho wa hapa Nairobi na wenzao wa kaunti nyingine, kuanzia wale wa majengo makubwa ya Museum Hill hadi wale wanaotunza makumbusho ya jamii yenye chumba kimoja na paa la mabati. Nairobi leo haina vita, na kwa sababu hiyo huu ndio wakati wa kujiandaa. Vita vya Sudan vilianza Jumamosi asubuhi, tarehe 15 Aprili 2023, siku ya mapumziko, katikati ya mji mkuu wenyewe, Khartoum. Makumbusho ya Taifa ya Sudan, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na Mto Nile na kuhifadhi hata mahekalu ya Nubia yaliyohamishwa ili yasimezwe na maji ya Bwawa Kuu la Aswan, yaliangukia mikononi mwa wapiganaji. Jeshi liliporudi katika eneo hilo Machi 2025, maghala yalikutwa yameporwa. Wenzetu wa Khartoum hawakukosa elimu wala bidii. Onyo walilopata lilikuwa fupi mno.

Rejista kabla ya kitu kingine chochote

Anza na rejista, hata kama fedha ulizo nazo zingetosha kununua kitu kinachoonekana zaidi machoni pa mfadhili. Kitu kilichoibwa bila kuandikwa ni vigumu sana kukidai mahakamani, afisa wa forodha hana msingi wa kukizuia, na baada ya miaka michache hata waliokitunza watabishana kama kilikuwepo. Nimewahi kufanya kazi katika makumbusho madogo ambayo rejista yake ya pekee iliwekwa juu ya sakafu ya stoo, na mchwa wakaila kuanzia jalada la nyuma hadi katikati. Hapakuwa na vita. Tulitumia miezi mingi tukilinganisha vibandiko vilivyofifia na kumbukumbu za mzee aliyekuwa bawabu wa jengo hilo, na bado vitu kadhaa vilibaki bila jina la aliyevitoa wala kijiji vilikotoka. Tangu wakati huo sina imani na mkusanyo wowote wenye rejista moja.

Kila kitu kipewe nambari isiyorudiwa, nayo iandikwe katika rejista na juu ya kitu chenyewe, mahali pasipokiharibu wala pasipoonekana kwa urahisi. Mfano mzuri tunao hapa nyumbani. Mifupa ya yule kijana wa Turkana, ambayo kipande chake cha kwanza kiligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, inajulikana duniani kote kwa nambari KNM-WT 15000. Herufi tatu za kwanza zinayataja makumbusho ya Kenya, mbili zinazofuata zinataja Turkana Magharibi, na tarakimu zinayataja mabaki hayo na si mengine. Mtafiti wa nchi yoyote akiisoma nambari hiyo hana shaka ni mifupa ipi wala ni ya nani. Sahani ya udongo iliyotolewa na bibi wa jirani inastahili uangalifu huo huo.

Baada ya nambari andika kitu ni nini, kimetengenezwa kwa nini, urefu, upana na uzito wake, maandishi au alama zilizomo, kilitoka wapi, nani alikitoa na lini. Kisha andika kasoro zake, na hapa usifanye haraka. Vigoda viwili vya fundi mmoja vinaweza kufanana katika kila jambo isipokuwa ufa wa mguu wa tatu, na ufa huo ndio utakaomshawishi hakimu. Piga picha mbele, nyuma, ubavuni na chini, ukiweka rula kando ya kitu, kwa mwanga wa dirishani, na upige picha nyingine ya karibu kabisa ya kila kovu.

Anayedhani kwamba picha ni jambo dogo na aikumbuke habari ya vigango vya pwani yetu, zile nguzo za kuchongwa ambazo Wamijikenda huwasimamishia wazee wao waliofariki. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Miaka mingi ikapita kabla havijatambuliwa nchini Marekani, kimoja katika makumbusho ya jimbo la Illinois na kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton, na picha ile ile ndiyo iliyothibitisha asili yake. Kimoja kilirudishwa mwaka 2006, cha pili mwaka 2007. Vigango vingine vingi vilivyochukuliwa miaka hiyo havikuwa na picha, na kwa hiyo madai yake yamekuwa mazito zaidi.

Rejista ikikamilika, itolewe nakala tatu. Moja ibaki katika jengo, ya pili ikae katika mji mwingine chini ya taasisi mnayoiamini, na ya tatu iwe ya kidijitali, imefungwa kwa nywila na kuhifadhiwa nje ya nchi au nje ya eneo lolote linaloweza kuingia vitani pamoja nanyi. Nakala ya karatasi usiidharau, kwa maana haihitaji umeme wala mtandao. Ila msimamizi asimbebeshe mfanyakazi nakala ya rejista ndani ya simu yake ya kawaida, kwa sababu simu hiyo ikipekuliwa kwenye kizuizi cha barabarani itamweka hatarini.

Vitu vya kuondoka kwanza

Keti na wenzako katika chumba kilichofungwa na mjiulize: tukipewa gari moja la piki-apu na saa mbili, tutabeba nini? Jibu la haraka huwa ni vitu vizuri zaidi, na mara nyingi jibu hilo lina makosa. Tangulizeni vitu visivyo na mfano wake popote, vitu ambavyo jamii inaviona vitakatifu, na vile vidogo vinavyoingia mfukoni. Makumbusho ya Iraq yalipoporwa Baghdad mwezi wa Aprili 2003, takriban vitu 15,000 vilipotea, na maelfu kati yake vilikuwa mihuri midogo ya silinda iliyokuwa ghalani, rahisi kubeba na rahisi kuuza. Kwa makumbusho ya viumbe, sampuli ya asili iliyotumiwa kuitaja spishi kwa mara ya kwanza hutangulia ndege yeyote mwenye manyoya ya kupendeza, kwa sababu wanasayansi wote wanaoitaja spishi hiyo wanaitegemea.

Orodha iwe fupi kuliko uwezo wa gari. Isiandikwe bei, kwa maana orodha ya vitu bora yenye bei zake ni ramani ya mwizi. Itiwe katika bahasha iliyofungwa, mkurugenzi awe na moja na mtu wa pili nje ya jengo awe na nyingine, na ipitiwe upya kila mwaka.

Jamii husika ziulizwe mapema. Kuna vitu ambavyo wenyewe wangependa virudi kwao siku ya hatari kuliko kusafirishwa na wageni, na vingine ambavyo haviruhusiwi kuguswa na kila mtu. Mazungumzo hayo hayawezi kufanyika huku risasi zikilia.

Watu, funguo na siri

Hakuna kitu ndani ya makumbusho kinachostahili kifo cha mfanyakazi. Naliandika hili waziwazi kwa kuwa taaluma yetu ina mashujaa tunaowaenzi kwa haki, na heshima hiyo inaweza kumfanya kijana aliyeajiriwa mwaka jana adhani kwamba ndivyo anavyotarajiwa kufanya. Khaled al-Asaad, aliyeutunza mji wa kale wa Palmyra huko Syria kwa miaka mingi, aliuawa hadharani Agosti 2015 akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80, na inasemekana alikataa kufichua vitu vilikofichwa. Namheshimu kwa moyo wangu wote. Hata hivyo, mpango unaohitaji mtu avumilie mateso ili ufanikiwe ni mpango mbaya, na aliyeupanga ndiye mwenye lawama.

Kwa hiyo gawanyeni maarifa. Anayejua mahali pa maficho asiwe na ufunguo. Mwenye ufunguo asijue vilivyomo. Mwenye orodha asijue mahali. Kundi linalojua yote liwe dogo, na angalau mmoja wao awe nje ya eneo la vita. Huko Kabul, mwishoni mwa miaka ya 1980, watumishi wa makumbusho waliihamishia hazina ya dhahabu iliyofukuliwa katika makaburi ya kale ya Tillya Tepe, kaskazini mwa Afghanistan, yenye vipande zaidi ya 20,000, katika chumba cha chuma cha Benki Kuu ndani ya ikulu. Walinyamaza karibu miaka 15, serikali zikibadilika juu yao, na hazina ikaonekana tena salama baada ya mwaka 2003. Baghdad nako wafanyakazi wachache walivihamisha vitu vingi vya maonyesho kabla ya vita na kuapa kutotaja mahali, na vitu hivyo havikuguswa na waporaji. Lakini siri iliyoshikwa na mtu mmoja tu hufa naye, na kitu kilichofichwa hivyo kimepotea kama kilichoibwa.

Walinzi wa usiku, wafagiaji na watunza bustani waingizwe katika mpango tangu siku ya kwanza. Wakubwa mara nyingi wana magari na viza. Bawabu anayeishi mtaa wa pili ndiye atakayebaki, na ndiye anayejua ni dirisha lipi halifungi vizuri. Apewe mafunzo, nambari za kupiga na ruhusa ya kuondoka bila kuomba kibali, na mshahara wake utengewe fedha za miezi kadhaa mbele, kwa njia itakayomfikia hata benki zikifungwa. Ninaliona jambo hili la mshahara kuwa kubwa kuliko mifuko yote ya mchanga. Mlinzi ambaye watoto wake hawajala tumempa mzigo usio wa haki.

Kuhamisha au kubaki

Uamuzi wa kuhamisha ufanywe mapema au usifanywe kabisa. Makumbusho ya Louvre yalifungwa Agosti 1939 kwa kisingizio cha matengenezo, na picha ya Mona Lisa ikaondoka Paris tarehe 28 mwezi huo kuelekea kasri la Chambord, siku chache kabla ya Ufaransa kutangaza vita tarehe 3 Septemba. Makumbusho ya Hermitage ya Leningrad, mji wa Urusi unaoitwa leo St. Petersburg, yalipakia zaidi ya vitu milioni moja katika treni mbili zilizoondoka Julai 1941. Shehena ya tatu ilikuwa imefungashwa, lakini reli ikakatwa, na ikabaki ndani ya mji uliozingirwa. Barabara yenye vizuizi vya wapiganaji ni hatari kuliko ghala lililofungwa vizuri. Wekeni tangu sasa dalili itakayowatoa, kwa mfano kufungwa kwa uwanja wa ndege au mapigano kufika kaunti ya jirani, ili siku hiyo msibishane.

Ikiwa mtabaki, basi jengo ligeuzwe ngome isiyo na askari. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Beirut. Makumbusho ya Taifa ya Lebanon yalikuwa kwenye mstari uliougawa mji wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1975, na mkurugenzi wake, Maurice Chehab, pamoja na mkewe Olga, walivificha vitu vidogo katika vyumba vya chini ya ardhi na kujenga ukuta mbele yake, kisha majeneza ya mawe na sanamu kubwa visivyobebeka wakavizungushia mbao na zege la saruji pale pale viliposimama. Wapiganaji waliingia, wakachora kuta na kukaa humo, lakini vilivyokuwa ndani ya zege vilipona. Funzo lake lina upande wa pili pia: vyumba vya chini viliingiwa na maji, na vitu vingi vilikutwa vimeharibika kwa unyevu. Sisi wa Nairobi tunazijua mvua za masika. Usiweke chochote chini ya ardhi bila kukiinua juu ya mbao na bila kujua maji ya bonde hilo huelekea wapi.

Mifuko ya mchanga ina kanuni zake. Ijazwe mchanga mkavu hadi theluthi mbili tu, ili ikae bapa na kushikana kama matofali. Ukuta wake usimame wenyewe, umeachana kidogo na sanamu, wala usiegemee sanamu hiyo, na katikati pawe na karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu. Kwa michoro ya sakafu iliyoundwa kwa vijiwe vya rangi, wahifadhi wa Syria katika mji wa Ma'arrat al-Numan walipaka gundi inayoyeyuka kwa maji, wakatandika kitambaa juu yake, ndipo wakapanga mifuko. Jengo lilipigwa kwa mabomu Juni 2015, na sehemu kubwa ya michoro ikasalimika.

Vyumba vyenye sampuli za viumbe ndani ya alkoholi vinahitaji neno la pekee, kwa sababu hapa kwetu makumbusho mengi ni ya viumbe na utamaduni pamoja. Chupa hizo zikivunjika karibu na moto jengo zima litawaka. Zitengwe mbali na madirisha na nyaya za umeme, katika chumba chenye mlango wa chuma na hewa ya kutosha, na kikosi cha zimamoto kijulishwe zilipo. Madirisha mengine yabandikwe karatasi ya plastiki inayonata ili vioo visiruke, na umeme na gesi vizimwe kila mnapotoka.

Kufungasha

Nunueni vifaa kabla bei haijapanda. Masanduku ya bati ya Kamukunji yanafaa, mradi kingo za ndani zisiwe na makali na kila sanduku likishajaa liweze kubebwa na watu wawili bila kuinama sana. Bati lina tabia ya kutoa jasho usiku na kuchemka mchana, kwa hiyo lisiachwe juani wala lisigusane moja kwa moja na kitu. Fungeni vitu kwa kitambaa cha amerikani kilichofuliwa mara kadhaa bila kutiwa rangi, kisha jazeni nafasi kwa kitambaa kingine kilichoviringishwa. Magazeti ni rahisi kupatikana, lakini wino wake huhamia na karatasi yake ina asidi. Yatumike kwa tabaka la nje tu. Dawa za kuua wadudu msizinyunyize ndani, kwa maana zitamdhuru atakayelifungua sanduku miaka kumi baadaye. Nje ya sanduku iandikwe nambari peke yake. Orodha ya vilivyomo ikae ndani, na nakala yake mbali.

Ngao ya buluu na wenye silaha

Mkataba wa The Hague wa mwaka 1954 ndio sheria kuu ya kulinda mali ya utamaduni wakati wa vita. Unazitaka nchi wanachama zijiandae wakati wa amani, unazuia kuzitumia mali hizo kwa shughuli za kijeshi, na unaagiza wafanyakazi wanaozilinda waheshimiwe hata wakiangukia mikononi mwa adui. Alama yake ni ngao yenye ncha chini, ya rangi ya buluu na nyeupe. Wako wanaodhani kwamba ngao hiyo inaweza kuchorwa na yeyote juu ya paa lake. Haiwezi: jengo haliwekewi alama bila kibali chenye tarehe na saini ya mamlaka husika, na kibali hicho huonyeshwa pamoja nayo. Kabla ya kuiomba, pimeni pia ni adui wa aina gani anayekuja. Jeshi lenye makamanda na wanasheria litaiona ngao na kubadilisha shabaha. Kundi linalotafuta hekalu la kubomoa litaiona kama mshale wa kuonyesha njia. Ushauri wangu ni kuwa na kibali na bango tayari ndani, na kuamua siku yenyewe.

Kuanzia siku vita vinapoanza, hata upande unaouunga mkono kwa moyo wako usiupe chumba cha kulala wala paa la kuwekea silaha. Kataa kwa adabu na kwa maandishi, ukitaja sheria, na uweke nakala. Wakiingia kwa nguvu, usipigane nao. Andika tarehe, saa, idadi na alama za sare, kisha ondoka. Waliobaki wakiweza kupiga picha za uharibifu bila kuhatarisha maisha, wapige kabla ya kugusa au kufagia, kwa sababu picha hizo huwa ushahidi. Tarehe 27 Septemba 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka tisa kwa kuyashambulia majengo ya kidini na ya kihistoria ya Timbuktu, na mwaka uliofuata ikaamua fidia ya yuro milioni 2.7.

Makumbusho yasiyo na vitu bado yana kazi

Nyumba ya sanaa ya taifa ya London ilihamisha picha zake zote, lakini kuanzia Oktoba 1939 mpiga piano Myra Hess aliendesha humo matamasha ya muziki ya saa za mchana, na baadaye picha moja ikawa inarudishwa kila mwezi ili watu waje kuitazama. Leningrad, waongozaji wa Hermitage waliwapitisha wageni mbele ya fremu tupu na kuwaeleza kwa maneno picha zilizokuwepo. Kama jengo liko salama, lifungulieni watu milango. Watoto waliofungiwa ndani kwa wiki nyingi wanahitaji mahali pa kuchora, na waliopoteza makwao wanahitaji mtu wa kuwauliza wametoka wapi.

Andikeni pia vita vyenyewe vinavyopita: matangazo, barua, vyombo vya nyumbani, sauti za mashahidi, kwa ridhaa yao na majina yakihifadhiwa kwa siri inapobidi. Nairobi ina mtaa mzima, Kariokor, uliochukua jina lake kutoka kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao walikufa bila majina yao kuandikwa popote. Uzembe huo haukutokana na upungufu wa karatasi. Walioandika walichagua nani wa kuandikwa, na mfanyakazi wa makumbusho wa leo ana uwezo wa kuchagua tofauti.

Wajibu wa mji wenye amani

Nairobi ni njia panda ya eneo hili, kwa ndege, kwa malori na kwa watu wanaokimbia. Wahifadhi waliotoka nchi jirani wapo miongoni mwetu, na msaada wa kwanza wanaouhitaji ni meza, mtandao, barua ya utambulisho na kazi yenye malipo, ili waweze kuandika upya kutoka kumbukumbuni orodha za walichokiacha. Mkubali pia kuwatunzia nakala za rejista zao bila kudai umiliki wala kuzichapisha.

Kisha kuna vitu vyenyewe. Mtu akija mapokezi na sanamu ndogo ya kale akiomba mjue thamani yake, msimtajie bei, wala msimpe barua yoyote yenye nembo yenu, kwa sababu barua hiyo itatumika kama cheti cha kuuzia. Muulizeni kwa upole ameipata wapi, ombeni ruhusa ya kupiga picha, linganisheni na orodha nyekundu za Baraza la Kimataifa la Makumbusho zinazoonyesha aina za vitu vilivyo hatarini kuporwa, na mkishuku lolote wapeni taarifa polisi na forodha siku hiyo hiyo. Msimshike wala msibishane naye. Msinunue kamwe kwa nia ya kuokoa: fedha yenu itamrudisha mporaji ghalani kwa safari ya pili.

Kurudi

Vita vikiisha, msikimbilie ufagio. Kwanza wataalamu wa mabomu wapite, kisha mhandisi aangalie kuta, ndipo nanyi mwingie. Sakafu igawanywe miraba kwa kamba, kifusi cha kila mraba kichekechwe na kuwekwa katika mfuko wenye nambari ya mraba huo, kwa sababu vipande vya mtungi mmoja huanguka karibu karibu, na fundi wa kuunganisha atavihitaji pamoja.

Watangazieni majirani kwamba anayerudisha kitu hataulizwa swali. Chombo mashuhuri cha jiwe kutoka Warka, mji wa kale wa Iraq, kilichoibwa Baghdad, kilirudishwa Juni 2003 kikiwa vipande vipande ndani ya buti ya gari, na wengine wengi walirudisha vitu kwa njia hiyo hiyo kupitia misikiti na wazee. Wapo waliochukua ili kuuza, na wapo waliochukua ili kulinda. Mlangoni hamtaweza kuwatofautisha, na kitu kilichorudi ni bora kuliko kesi iliyoshindwa. Kila kinachorudi kilinganishwe na picha zake, kipewe nafasi yake ya zamani katika rejista, na safari yake iandikwe. Kisichorudi, mstari wake usikatwe wala nambari yake isipewe kitu kingine. Andikeni kando yake siku kilipoonekana mara ya mwisho na nani aliyekiona, kisha pelekeni mstari huo, pamoja na picha zake, kwa polisi wa kimataifa.